Sapoti za Gumba: Boksi Moja Halitoshi Mikono Yote



Katika mashamba ya maua yaliyo karibu na Ziwa Viktoria hapa Uganda, upande wa Entebbe na upande wa Mukono, kuna ugonjwa ambao sisi tunaozunguka kuandikisha wanachama tulichelewa sana kuushughulikia. Tulipigania buti, tukapigania maziwa ya watu wa kunyunyiza dawa, tukapigania barua za ajira. Kidole gumba hatukukipigania. Tulikiona ni jambo dogo, kwa sababu mwenye gumba bovu anatembea, anakula, anacheka, na asubuhi yuko langoni pamoja na wengine.

Tunaandika habari hii kwa wenzetu wa nchi jirani wanaokata waridi, wanaochuma majani ya chai, wanaoshona nguo na wanaokata nywele, kwani gumba halijui mpaka wa nchi. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba sisi si madaktari. Shule tuliishia darasa la saba. Lakini tumekata maua kwa mikono yetu miaka mingi kabla ya kuingia kazi ya chama, na haya mengine tumeyauliza kwa waganga na mafundi wa hospitali, tena tumeyauliza mara mbili mbili mpaka wakachoka na sisi.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Mkataji wa waridi hufungua na kufumba mkasi wa kupogolea tangu alfajiri. Mwenzake anayevuna vipandikizi vya krisanthemu hana hata mkasi. Yeye huvunja kichipukizi kwa gumba na kidole cha shahada, kimoja kimoja, na msimamizi huvihesabu kwa maelfu. Sasa, ukibana kitu kwa ncha ya gumba, mzigo haubaki kwenye ncha. Unateremka hadi shina la gumba, pale linapokutana na kifundo cha mkono, na kufika huko umekuwa mkubwa zaidi ya mara kumi. Ukibana kwa nguvu ya kilo moja, shina la gumba limebeba kilo kumi na zaidi. Zidisha hiyo kwa maelfu ya vipandikizi, kisha kwa siku sita za juma, kisha kwa miaka.

Basi wiki chache kabla ya ile Februari ya maua ya wapendanao, ambayo kwetu ni mwezi wa kufa na kupona, meneja wa shamba moja alituita. Wanawake wa banda la waridi walikuwa wamelalamika juu ya mikono. Tukakuta boksi juu ya meza, limejaa sapoti za kidole gumba, za kitambaa kizito cha mpira, nyeusi, zenye kufungwa kwa velkro. Meneja akasema chama kisiseme tena kwamba hajali watu. Tukamshukuru. Tukapigwa naye picha. Picha hiyo bado iko ukutani mwa ofisi yake, na kila tukiiona tunaona haya.

Kwa maana sapoti zile zilikuwa za saizi moja, na zote za mkono wa kulia. Wenye kukata kwa mkono wa kushoto walizigeuza nje ndani wakazivaa hivyo hivyo. Baada ya siku kumi kipimo cha siku kikapandishwa, na tulipouliza kwa nini, tukajibiwa kwamba mikono sasa ina msaada. Mama mmoja aliyekuwa ameteleza kwenye njia yenye maji na kuangukia kiganja, alivaa sapoti yake karibu mwezi mzima akiamini anajitibu. Alipopigwa picha ya eksirei hospitalini alikutwa na mfupa uliovunjika kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Sapoti ilikuwa imepunguza maumivu kidogo tu, kiasi cha kumfanya asiende kwa daktari.

Hapo ndipo tulipoamka na kuanza kuuliza.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba hakuna "sapoti ya gumba" moja, kama vile hakuna dawa moja ya tumbo. Gumba huumwa kwa namna mbalimbali, na kila namna ina sapoti yake, na nyingine hazitaki sapoti kabisa.

Iko yabisi ya shina la gumba. Hii ni kuchakaa kwa gegedu, ile nyama laini na ngumu inayotenganisha mifupa miwili isisagane. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na zaidi wanapovuka miaka arobaini na kuendelea. Dalili yake ni maumivu pale chini kabisa ya gumba mtu anapofungua kifuniko cha chupa, anapozungusha ufunguo, anapokamua nguo. Baadaye shina la gumba hutokeza kama pembe. Mgonjwa huyu anahitaji sapoti fupi, inayoshika shina la gumba na kiganja, lakini inayoacha kifundo cha mkono kiwe huru na ncha ya gumba iwe huru. Ukimpa ndefu ya kufika kigashani unamfunga bure, na baada ya siku tatu ataitupa chini ya kitanda.

Iko ya pili, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kwa vijana wa mkasi. Maumivu hayako kwenye shina la gumba hasa, bali juu kidogo, ubavuni mwa kifundo cha mkono, mahali ambapo kano mbili za gumba hupita ndani ya mfereji mwembamba. Mfereji ukivimba, kano hukwama. Madaktari huuita ugonjwa huu kwa jina la de Quervain, daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kina mama wenye watoto wachanga huupata pia kwa kunyanyua mtoto makwapani, kwa hiyo mkata maua aliyejifungua karibuni anaupata kazini na anaukuta nyumbani. Kuna jaribio lake: fumba ngumi gumba likiwa ndani, kisha inamisha ngumi polepole upande wa kidole cha mwisho. Hata mkono mzima huvutika kidogo, msije mkatishana. Lakini mwenye ugonjwa huu huruka. Huyu ndiye mwenye kuhitaji sapoti ndefu, inayoshika gumba na kifundo cha mkono pamoja, kwa sababu kano zile hupita sehemu zote mbili. Ile fupi haimfai kitu. Na zile za kwenye boksi zote zilikuwa fupi.

Ya tatu ni jeraha. Gumba limevutwa nje kwa nguvu, labda kwa kamba ya ndoo au kwa kuanguka, na ile kano ya upande wa ndani, kwenye kifundo cha katikati cha gumba, imenyofoka. Mtu hawezi tena kubana karatasi. Mwaka 1955 daktari mmoja aitwaye Campbell aliandika juu ya ugonjwa huu akiwatazama walinzi wa wanyama katika mashamba ya matajiri wa Uskoti, ambao kazi yao ilikuwa pamoja na kuvunja shingo za sungura kwa mikono. Ugonjwa ukaitwa gumba la mlinzi wa wanyama. Siku hizi wanaoupata huko Ulaya ni watu wanaoteleza juu ya theluji kwa starehe, na jina limebadilishwa likawa lao. Hata ugonjwa wa mfanyakazi wamemnyang'anya! Hata hivyo mwenye kano iliyonyofoka asipoteze muda na sapoti ya dukani. Ikiwa imekatika kabisa huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji, na kuchelewa wiki kadhaa kunaiharibu kazi ya daktari.

Vivyo hivyo kwa aliyeanguka akaangukia kiganja, na sasa ana maumivu kwenye kile kishimo kinachoonekana chini ya gumba ukilinyoosha juu. Huyo ni wa eksirei. Na ikiwa eksirei ya siku ile haionyeshi kitu lakini maumivu yapo, arudi baada ya siku kumi hadi kumi na nne apigwe nyingine, kwa sababu ufa wa mfupa ule mara nyingi hauonekani mapema. Mama yule wa kwetu hakuambiwa hayo na mtu yeyote, nasi tulikuwepo siku anapewa sapoti.

Mwenye ganzi katika gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, ana shida ya mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Sapoti yake ni ya kifundo, tena ya kulalia. Ya gumba haimhusu. Na mwenye viungo vingi vilivyovimba mikono yote miwili, vikiwa vigumu asubuhi kwa saa nzima au zaidi, aende kliniki upesi, kwani hiyo ni yabisi ya namna nyingine inayotaka dawa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Fundi mmoja wa karakana ya viungo katika hospitali ya serikali alitufundisha kupima, na tangu hapo tunatembea na utepe wa cherehani mfukoni. Unapima mzunguko wa kifundo cha mkono na mzunguko wa kiganja, wala si kukisia kwa macho. Unauliza mkono upi. Sapoti ikivaliwa, gumba likae kama linaloshika bilauri, si lililobanwa kwenye kiganja wala lililovutwa nyuma. Vidole vinne vikunjike vyote bila kizuizi. Kama ukingo wa sapoti unavuka ule mstari wa kiganja ambapo vidole hukunjika, ni kubwa mno. Bonyeza ukucha wa gumba uwe mweupe, kisha achia: wekundu urudi mara moja. Ukichelewa, au vidole vikianza kufa ganzi, legeza. Ivae nusu saa, ivue, tazama ngozi. Alama nyekundu inayofutika upesi si neno, lakini inayobaki nusu saa nzima maana yake sapoti inakula ngozi.

Kisha lile jaribio kubwa kuliko yote, ambalo muuza duka halipendi: bana kitu ukiwa umeivaa. Maumivu yamepungua? Kama hayakupungua hata kidogo, irudishe, hata kama ni nzuri namna gani kwa macho.

Kuhusu vitu zinavyotengenezwa navyo, kuna laini za kitambaa cha mpira na kuna ngumu za plastiki ambayo fundi huilainisha kwa maji ya moto na kuiumbia juu ya mkono wako mwenyewe. Laini ni rahisi, zinapashia mkono joto, na wenye yabisi wengi huzipenda. Ngumu hushika zaidi na hufaa kwa jeraha na kwa usiku. Sisi tungekuwa na uwezo tungewapa wakata maua wote ile ya kuumbwa na fundi. Karakana za namna hiyo zipo Mulago, zipo Gulu na Fort Portal, na foleni tunazijua. Lakini foleni ya siku mbili ni afadhali kuliko kununua sapoti tatu mbovu kwa mpangilio.

Lipo jambo moja la mashamba ya maua ambalo hatujaliona likiandikwa popote, nasi tumeliona kwa macho. Kitambaa kile cha mpira hunyonya. Ndani ya banda la plastiki jasho halikauki, na dawa iliyonyunyizwa juu ya majani huingia kwenye sapoti na kukaa juu ya ngozi kutwa nzima. Wanawake watatu walitoka upele mpaka kwenye kigasha. Kwa hiyo sapoti ya kitambaa isiingizwe katika banda lililonyunyiziwa. Iwekwe ndani ya glavu isiyopenya maji, au itumike ya plastiki inayopanguswa. Mtu awe nazo mbili, moja kavu. Isifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Na kwa wenzetu wa viwandani: ule ulimi wa velkro ukinaswa na mashine inayozunguka, unavuta mkono mzima. Karibu na mashine ya namna hiyo sapoti ivuliwe, na aliyeambiwa na daktari asiivue asipangwe hapo.

Je, sapoti inaponya? Hapa hatutaki kuwadanganya. Huko Ufaransa watafiti walitoa matokeo mwaka 2009 juu ya wagonjwa 112 wenye yabisi ya shina la gumba, ambao baadhi yao walivaa sapoti usiku tu. Baada ya mwezi mmoja hakukuwa na tofauti. Baada ya mwaka, waliovaa walikuwa na maumivu machache zaidi na mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi. Lakini Uingereza mwaka 2021 matokeo mengine yalionyesha kwamba wagonjwa waliofundishwa vizuri mazoezi na namna ya kutumia mikono, kuongezewa sapoti juu ya mafunzo hayo hakukuwaletea nafuu zaidi. Sisi tunavyosoma mambo haya mawili ni kwamba sapoti ni msaidizi, na msaidizi huyu anataka subira. Mwenye yabisi huivaa wakati wa kazi nzito au usiku, kisha huivua na kukizungusha kidole taratibu, maana mkono unaofungwa mchana na usiku miezi na miezi hulegea misuli. Mwenye ugonjwa wa kano huivaa karibu muda wote kwa wiki nne hadi sita, na katika wiki hizo huacha lile linalomuumiza.

Sasa mtu wa mkasi ataachaje lile linalomuumiza? Huo ndio ugomvi wetu na meneja. Sapoti inayovaliwa ili mtu aweze kukata maua idadi ile ile, au kuzidi, haimtibu. Inamwezesha kuumia zaidi bila kusikia. Wapo viongozi wenzetu waliotulaumu. Wanasema mwajiri akitoa kitu bure pokea, kesho utadai kingine. Tunawaheshimu, lakini safari hii hatukubaliani nao. Tulipokea boksi, na tukalipia kwa kipimo cha siku.

Tunayoyataka sasa tumeyaandika katika madai ya Mkataba wa Hali Bora. Mikasi inolewe na kutiwa mafuta kila siku kwa saa za mwajiri, kwani mkasi butu ndio adui wa kwanza wa gumba. Ziwepo saizi za mkono mdogo. Mikasi mingi inayoletwa imepimwa kwa mkono wa mwanamume. Kubadilishana kazi kuwe kwa kweli, kwa maana kumhamisha mtu kutoka kukata kwenda kung'oa miiba si kumpumzisha, huko nako ni kubana tu. Sapoti ichaguliwe na mganga au fundi na ilipiwe na mwajiri, na kipimo cha siku cha aliyeivaa kishuke kwa wiki zote alizoandikiwa.

Mwajiri atasema sapoti si kifaa cha kujikinga. Kweli, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, inayomtaka atoe vifaa vya kujikinga bila malipo, inataja glavu na viatu na haitaji sapoti. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka aifanye kazi yenyewe iwe salama. Na orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, ilivyorekebishwa mwaka 2010, inataja waziwazi kuvimba kwa kano za upande wa gumba kunakotokana na kurudiarudia, kutumia nguvu na kukunja mkono vibaya. Waliouandika mstari ule hawakuwa wanachama wetu. Pia iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, lakini fidia inataka ushahidi, na ushahidi ni karatasi. Mkono ukiuma, liandikwe kwenye kitabu cha zahanati ya shamba siku hiyo hiyo, na nakala uwe nayo.

Tunajua kwa nini watu hawaandikishi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukimaliza mwezi wa pili mwajiri anaweza kumwachisha. Kila mkataji anaijua hesabu hiyo hata kama hajawahi kuiona sheria. Katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984, mtu hamwonyeshi nyapara gumba lake. Anakwenda sokoni jioni, ananunua sapoti ya bei nafuu, anaivaa chini ya glavu ili isionekane. Tumewakuta wengi hivyo. Tukiwaomba wavue glavu, wanatazama kwanza mlangoni.

Kwa sababu hiyo hatuwapimi tena bandani. Tunapima Jumamosi mchana, baada ya zamu, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi. Orodha ya majina inabaki kwa chama. Tuna utepe, tuna sapoti nne za kujaribia, fupi na ndefu, kulia na kushoto, na tunaye muuguzi mstaafu anayejitolea na ambaye ana ukali wa kutosha kumpeleka mtu hospitali kwa nguvu. Anayekuja aje na mkasi anaoutumia, kwa maana muuguzi huanza kuushika mkasi kabla ya kuushika mkono.